Mji Uliopimwa Kwapani mwa Kiyoyozi

Duniani kuna watu wanaosikia joto na kuna watu wanaolihesabu. Bwana Wastani alikuwa wa kundi la pili, na kungekuwa na kundi la tatu, la watu wanaolikataa joto kabisa, huko angegombea uenyekiti na kupita bila kupingwa.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa ofisini, ofisi ya umeme ya mji, kwa sababu hakuna jambo ambalo hakulijibu kwa wastani. Ukimwambia mvua imezidi, atasema kwa wastani ni ya kawaida. Ukimwambia lifti imekwama na watu wamo ndani, atasema kwa wastani lifti hufika. Siku moja msibani, mbele ya wafiwa wenyewe, alisema marehemu kwa wastani alikuwa ameshaishi vizuri. Mkewe alimvuta koti mpaka mshono wa bega ukaachia.

Kazi yake ilikuwa kukadiria mji utataka baridi kiasi gani. Usicheke, ni kazi ya kweli, ina meza na kiti cha kuzunguka. Unaangalia nje kuna joto gani. Unatoa kile kiwango ambacho mtu akikipita anaanza kutafuta feni. Kinachobaki ndicho mji utakachodai kwenye nyaya, kwa feni, kwa viyoyozi, kwa majokofu yanayolia usiku kucha. Unakusanya mabaki ya mwaka mzima, unayageuza kuwa nukta moja. Nukta ya mwaka huu ikae jirani na ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, mpaka upate mstari. Mstari ukipanda, ofisi inajua ivute nyaya nene na isimike transfoma mpya. Mstari ukilala, ofisi nayo inalala.

Mstari wa Bwana Wastani ulikuwa umelala fofofo. Aliuchapisha kwenye karatasi kubwa, akautia fremu ya kioo, akautundika nyuma ya kiti chake, pale ambapo wenzake walitundika picha za harusi.

"Huu ndio mji," alikuwa akiwaambia wageni, akiupangusa kwa mkono wa sweta. "Watu wanapiga kelele. Mstari haupigi kelele."

Ndiyo, sweta. Sweta la rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo, alilolivaa mwaka mzima. Kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kimewekwa kwenye namba ya chini kabisa na rimoti ilipotea siku nyingi, kwa hiyo kitengo kizima kiliishi kama samaki wa dukani. Asubuhi gari la ofisi lilimchukua mlangoni kwake, vioo vimepandishwa, baridi inapuliza. Jioni likamrudisha. Jua kwake lilikuwa kitu kinachopatikana kati ya mlango na mlango.

Na mji huko nje? Mji ulikuwa unaungua, ndugu zangu. Alipoanza kazi kijana, watu walilala madirisha wazi, na kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, kwenye dirisha la hoteli, watoto wanakwenda kukitazama kinavyodondosha maji kama kitu cha maonyesho. Zikaja feni, kila chumba na yake. Kisha miti ya barabara kuu ikakatwa ili magari yapate njia ya tatu ya kukwama. Majumba yakavalishwa vioo kama miwani ya matapeli. Halafu viyoyozi vikaota kwenye kuta za maghorofa kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, kila kimoja kinapoza chumba kimoja na kumtemea jirani moto. Watu wakaanza kumwagia sakafu maji kabla ya kulala. Kuna waliokuwa wanakunja shuka na kuliweka kwenye friza pamoja na nyama.

Mstari? Umelala.

"Watu wa siku hizi mayai," alisema Bwana Wastani. "Sisi tulikulia humu humu. Joto ni lile lile. Ngozi ndiyo imekuwa ya kizungumkuti."

*

Angeendelea hivyo hadi kustaafu kama si mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Mtaa mzima, kuanzia muuza nyama hadi wazee wa nyumba za ibada, walimwita Mwalimu Mkuu. Alikuja kukaa kwa binti yake kwa sababu ya moyo. Daktari alisema moyo wenyewe si mbaya sana, ila usipewe joto: joto likipanda, miguu inavimba, pumzi inakatika. Atafutiwe chumba cha baridi, apumzike.

Binti yake, mke wa Bwana Wastani, alikuwa na saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Alimnunulia mama yake kiyoyozi, kikafungwa chumba cha nyuma, fundi akabonyeza, kikawaka taa ya kijani, kikaguna, kikazima. Fundi akabonyeza tena. Kikaguna kama mzee anayeinuka kwenye kochi, kikarudi kukaa.

"Kifaa ni kizima, dada," fundi alisema huku akikusanya bisibisi zake. "Umeme wenu ndio mgonjwa. Transfoma yenu inalisha mitaa mitatu na ilifungwa enzi watu wana balbu na pasi. Mchana hapa hata mashine ya vifaranga haiangui."

Kweli bwana. Kila ikifika mchana, wakati joto linapokaba, umeme wa mtaa ulinywea. Feni zilizunguka polepole kama zinatafakari maisha. Drai ya saluni ilipuliza pumzi ya mgonjwa, wateja wanatoka na nywele mbichi na makwapa yaliyoloa. Na Mwalimu Mkuu alilala kwenye mkeka chumba cha nyuma, chini ya bati, kitambaa cha maji kifuani, miguu imejaa kama maandazi, akihesabu pumzi zake moja moja.

Mtaa uliandika barua kuomba transfoma. Ofisi ya umeme ikajibu kwa heshima zote: kwa mujibu wa makadirio, mahitaji ya baridi ya mji hayajabadilika, hivyo ombi halina msingi.

Kundi la simu la mtaa likawaka.

"Makadirio ya nani?? 😂" aliandika mwenye duka.

"Huyo mkadiriaji aletwe kwangu," aliandika muuza nyama. "Nampaka mafuta, namlaza juu ya bati saa nane mchana, nageuza upande baada ya dakika tano. Atakadiria vizuri."

Watu wakacheka hadi simu zikaisha chaji. Bwana Wastani, ambaye siku zote alisoma kundi kimya kimya na kutoka kama mwizi wa kandambili, aliona akinyamaza atashukiwa. Akaweka dole gumba. 👍

Maana nyumbani hakuna aliyejua. Mkewe na mkwewe walijua yuko ofisi ya umeme, basi. Aliwaambia yuko "upande wa kompyuta," na kwa jinsi alivyokuwa akihangaika kufungua picha alizotumiwa kwenye simu, wakadhani waajiri wake wanamwonea huruma tu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia jioni moja, amesimama mlangoni na beseni la maji ya kumkanda mama yake miguu. "Wewe uko kule kule kwenye ofisi yao. Huwezi kumuuliza mtu? Hata mmoja?"

"Utaratibu una ngazi zake, mama watoto."

"Mama hapumui. Ngazi ipi?"

"Kwa wastani, msimu huu si mkali sana..."

Mkewe aliweka beseni chini taratibu. Wanawake wakiweka kitu chini taratibu namna hiyo, mwenye akili anatafuta viatu.

"Nisikilize. Mwezi huu ukiisha bila umeme wa maana humu ndani, namchukua mama tunakwenda kwa kaka. Kaka yuko karibu na hospitali kuu, umeme wao haujui kunywea. Na sirudi mama akipata nafuu. Narudi umeme ukipata nafuu. Utabaki na wastani wako, ukupikie."

Bwana Wastani alicheka kidogo, kile kicheko cha pua. Alijua mkewe ana saluni, na mtu hakimbii saluni yake. Alijua hivyo kwa wastani.

*

Barua iliposhindwa, mtaa ukaamua kwenda kwa miguu. Wajumbe wakateuliwa wawili: muuza nyama kwa ajili ya sauti, Mwalimu Mkuu kwa ajili ya maneno. Alikatazwa, akasema amefundisha miaka yote hiyo darasa la watoto mia bila kufa, hawezi kufa kwenye mapokezi.

Walifika ofisini katikati ya mchana. Msichana wa mapokezi akawaambia wapande ghorofani wakasubiri kwenye viti vya wageni. Mwalimu Mkuu akatazama ngazi, akatazama benchi la mbao lililokuwa nje ya mlango mkubwa, chini ya paa dogo la kukinga mvua. Akaketi. Mlango wa kioo ukafunguka mtu anatoka, baridi ikamwagika nje kama maji ya ndoo, ikamlamba miguu yake iliyovimba. Akafumba macho.

"Mama, tumeambiwa juu," alisema muuza nyama.

"Nenda wewe. Tangu nije mji huu sijaketi mahali penye hewa kama hapa. Mwambie huyo bosi ashuke, nitampokea hapa hapa."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Baridi ikaja, ikaja tena. Mwalimu Mkuu akavua kandambili, akanyoosha vidole. Muuza nyama naye akajibanza pembeni yake, akainua shati kidogo upepo upite tumboni.

Hapo ndipo Bwana Wastani alipotokea, sweta limefungwa vifungo vyote, kalamu sikioni, anakuja kusoma kipimo chake cha mchana kama afanyavyo kila siku ya kazi. Akasukuma mlango, nusura amkanyage mama mkwe wake.

Kurudi nyuma haiwezekani, ameshaonekana. Akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mbona sweta? Unaumwa?"

Muuza nyama akaangua kicheko. Bwana Wastani akajikohoza, akanyoosha shingo kutazama ukutani, juu kidogo ya kilemba cha mkwewe.

"Unatafuta nini kichwani kwangu?"

"Hapana mama, si kichwani. Kuna... kuna kifaa hapo nyuma. Nakisoma mara moja tu."

Mwalimu Mkuu akageuka. Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na kibao chembamba chenye kioo cha zebaki. Kipimajoto. Akavaa miwani.

"Cha nini hiki?"

Bwana Wastani angeweza kusema lolote. Angesema pambo. Lakini msichana wa mapokezi, aliyekuja kuwaita tena wageni, ndiye aliyejibu, tena kwa fahari ya kazi: "Hicho ndicho kinachopima joto la mji, bibi. Mzee hapa ndiye mwenye kitengo. Makadirio yote ya transfoma yanatoka kwake."

Hata mlango uliogopa kufunguka.

Hadithi ya msumari ule ni fupi na ni ya aibu. Nyuma ya jengo, mwisho kabisa wa uwanja wa magari, kulikuwa na kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu, kilichojengwa na wataalamu mahali pa wazi mbali na kuta, makusudi ya kupima hewa ya nje ilivyo. Enzi za ujana Bwana Wastani alikwenda huko kila siku kusoma. Kisha ukaja msimu mmoja wa joto ambao lami ya uwanja ililainika, kiatu chake kikanasa, akabaki katikati ya jua na soksi moja kama korongo. Kesho yake alikwenda na bisibisi, akakitoa kipimajoto kwenye kisanduku, akakitundika hapa mlangoni, kivulini. "Kwa muda tu," alisema. Ofisini kwao "kwa muda tu" maana yake ni mpaka kiama. Hakuna aliyeuliza. Na mlango ukawa unafunguka na kufungwa, viyoyozi vya ofisi vikiongezwa kila mwaka, baridi ikimwagika kila mwaka zaidi juu ya kile kibao. Mji ulivyozidi kuungua ndivyo ofisi ilivyozidi kujipoza, na ndivyo Mstari ulivyozidi kulala.

Kwa maneno mengine: mtu alishindwa kwenda kupima joto kwa sababu kulikuwa na joto. Halafu akaandika hakuna joto.

Mwalimu Mkuu alitazama kipimajoto, akatazama mlango, akatazama sweta. Hakuhitaji shahada.

"Mkwe," alisema polepole, sauti ile ya kumwita mtoto mbele ya darasa. "Mgonjwa ana homa. Wewe umemwekea barafu kwapani, ukachomeka kipimo hapo hapo kwapani, ukasoma, ukamwambia: huna kitu, amka ukalime. Mji mzima umeupima kwapani mwa kiyoyozi?"

"Mama, kitaalamu kuna mambo..."

"Ngoja kwanza!" muuza nyama alikuwa amesimama, shati bado limeinuliwa, tumbo nje. "Kwa hiyo ni wewe? Mkadiriaji ni wewe? Wewe si uliweka dole gumba kwenye kundi?"

Bwana Wastani alisema alikuwa ameweka dole gumba kwa jumla.

*

Bosi aliwapa kikao, keshokutwa asubuhi. Mwalimu Mkuu hakumfokea mkwewe pale, wala njiani, wala nyumbani. Jioni alimwita chumba cha nyuma, akiwa amelala mkekani, kiyoyozi kipya kinaguna ukutani juu yao.

"Sitaki uadhirike. Wewe ni mume wa mwanangu," alisema, akivuta pumzi katikati ya kila neno. "Kikao kikianza, utasema sentensi moja. 'Nilikihamisha kipimo kwa sababu nilisikia joto.' Basi. Watoto wa darasa la kwanza nimewafundisha sentensi ndefu kuliko hiyo."

Mkewe alikuwa amesimama na beseni lile lile.

"Kumbe," alisema, "feni yangu imeuliwa na mtu ninayemfulia sweta."

"Mama watoto..."

"Usiniite. Mkoba wa mama nimeshaupanga. Ukiisema hiyo sentensi, naupangua. Ofisi ikijua, wataleta transfoma, bosi wao mwenyewe kamwambia muuza nyama kwamba wao wanafuata Mstari tu. Usipoisema, siku hiyo hiyo tunaondoka."

Mtu mwingine angelala na sentensi yake, akaifanyia mazoezi. Bwana Wastani alilala na ujanja. Akili yake ilimtuma hivi: kama kipimajoto kikirudi kwenye kisanduku kabla ya kikao, basi hakipo mlangoni. Na kama hakipo mlangoni, nani atasema kilikuwepo? Mwanamke mgonjwa na mtu wa nyama?

Kwa hiyo siku iliyofuata, jua likiwa utosini, wenzake wamekwenda kula, alikivua kipimajoto msumarini, akakifunika ndani ya sweta, akaelekea uwanja wa magari. Tangu kiatu kinase hakuwahi kufika huko. Hatua chache tu akahisi lami inamsukumia moto ndani ya suruali. Akachungulia kifuani. Zebaki ilikuwa inapanda. Si kupanda kwa kusitasita: inapanda kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua. Ikapita pale inapokaaga kila siku. Ikapita pale alipokuwa anasema haiwezi kufika mji huu. Bado inapanda, na yeye bado hajafika nusu ya uwanja.

Alisimama. Tuseme ukweli, alisimama akaitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kitu kilimwambia habari mpya na hakikuwa na wastani ndani yake. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye masikio, na alijua, alijua kabisa, kwamba mama yule pale mkekani analala ndani ya hii kila siku.

Halafu akafungua kisanduku.

Nyigu walikuwa wamehamia humo tangu kipimajoto kihame. Ukoo mzima. Hawakuuliza yeye ni wa kitengo gani. Alikimbia uwanja mzima, kipimajoto mkono mmoja, sweta limevutwa kichwani, mlinzi wa geti akimshangilia kama anashuhudia mpira. Alipofika mlangoni alikuwa na sikio la kushoto kama andazi. Akatundika kipimajoto kwenye msumari wake wa siku zote. Mlango ukafunguka, baridi ikakilamba. Zebaki ikashuka taratibu, ikarudi kukaa palepale inapokaaga, kawaida, kama hakuna kilichotokea.

*

Kikao kilifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na baridi ya kuhifadhia samaki. Bosi, mtu wa suti na tabasamu la kwenye kalenda, alikaa mbele. Wakuu wa vitengo wakamzunguka. Mwalimu Mkuu na muuza nyama wakapewa viti vya mwisho. Mwalimu Mkuu alijitanda kanga yake ya pili mabegani, akamtazama mkwewe kwa utulivu. Mkoba wake ulikuwa miguuni.

"Wananchi wanadai kipimajoto chetu kiko mlangoni," bosi alisema. "Mzee wa makadirio, kweli hii?"

Macho yote yakamgeukia yeye na sikio lake.

Sentensi ilikuwepo. Ilikuwa imefika mpaka kwenye ulimi, imevaa viatu. Nilikihamisha. Alimwona mkuu wa nyaya, kijana wa juzi tu, amekaza midomo asicheke. Akafikiria watakavyoitoa ile fremu ukutani. Akafikiria sherehe yake ya kustaafu, mtu anasimama kutoa hotuba na kuanza na soksi moja. Akamtazama mkwewe, naye mkwewe akaitikia kidogo kwa kichwa, vile mwalimu anavyomtia moyo mtoto mgumu: haya, sema, unaiweza.

"Nili..." alisema.

"Ndiyo?"

"Nilikuwa nataka kusema, bosi, kwamba kifaa kimechoka. Kifaa ndicho tatizo. Kwa wastani, vifaa vya aina ile huchoka."

Ungeona uso wa bosi ulivyochanua! Hakuna habari tamu ofisini kama kifaa kuchoka. Kifaa hakina cheo, hakina mjomba wizarani, hakiudhiki. Papo hapo ikapitishwa: kinunuliwe kifaa kipya, cha kisasa, chenye skrini. Kifuatiliwe miaka michache hadi kitoe Mstari wa kuaminika. Kisha, kama Mstari utapanda, ombi la transfoma lifikiriwe upya. Wakuu wa vitengo wakapiga makofi.

"Miaka michache?" alisema muuza nyama. "Mimi nyama yangu inaoza leo."

Mwalimu Mkuu alijiinua kwa kushika meza, akaokota mkoba wake. Alipopita nyuma ya kiti cha Bwana Wastani alisimama kuvuta pumzi.

"Sentensi moja, mkwe," alisema. "Haya. Tutaonana harusini na misibani."

*

Mkewe hakukimbia saluni, hilo Bwana Wastani alilikadiria sawasawa. Aliibeba. Jioni aliporudi alikuta ukuta wa chumba cha mbele una alama nyeupe za vioo, drai imekwenda, viti vimekwenda, hata bango la mitindo limebanduliwa. Wateja wote walifuata. Nani atagombana na drai inayokausha? Huko kwa shemeji umeme ulikuwa imara, na Mwalimu Mkuu alilala chumba cha baridi, miguu ikarudi kuingia kwenye kandambili.

Kwenye kundi la mtaa muuza nyama alimwondoa bila maelezo. Aliweka tu dole gumba.

Kifaa kipya kilikuja siku ya jua kali. Bosi alialika watu, utepe ukakatwa. Fundi akauliza akifunge wapi. Kwa mujibu wa maelekezo, alisema, kinatakiwa mahali pa wazi, mbali na jengo, kuna kisanduku kule nyuma. Bosi akatoa pua nje ya mlango wa kioo, akautazama uwanja wa magari ulivyokuwa unameremeta, akairudisha pua.

"Kule nani atakiona? Kifunge hapa hapa mlangoni. Wageni wakiingia, wakute maendeleo."

Fundi akamgeukia Bwana Wastani, maana ndiye mwenye kitengo. Alikuwa bado na nafasi ya sentensi. Alikwaruza sikio lake, akafunga kifungo cha juu cha sweta.

"Hapo panafaa," alisema.

Siku hizi, Jumapili, nyumba ikishamshinda, kiyoyozi cha chumba cha nyuma kinamgunia na shuka limegandana mgongoni, Bwana Wastani hujikokota mpaka ofisini. Gari la ofisi Jumapili halipo, kwa hiyo hutembea juani kama binadamu wengine, na hufika ameloa mpaka soksi. Huketi kwenye lile benchi. Watu wa zamu wakipita mlango hufunguka, na baridi humlamba.

"Mzee, leo si siku ya kazi," mlinzi humchokoza.

"Nakagua kifaa."

Jumapili moja alipiga simu akiwa hapo. Mkewe alipokea, drai inavuma nyuma yake kama ndege inataka kupaa, wanawake wanacheka.

"Huko kukoje?" aliuliza.

"Kwa wastani tunapumua," alisema mkewe, akakata.

Alibaki ameshika simu. Mlinzi alikuwa ameegemea geti, anakula karanga.

"Kifaa kinasemaje, mzee?"

Bwana Wastani akageuza shingo, akaitazama ile skrini inayong'aa juu ya kichwa chake. Sweta lilikuwa bado halijakauka.

"Kawaida," alisema.